Siku Niliyomtembeza Leokadia Mjini

Nakumbuka siku moja nilimtembeza mtoto mjini Sumbawanga, tangu jua la asubuhi mpaka alasiri, naye akafurahi kuliko nilivyowahi kumwona. Watu wakisikia habari hiyo hudhani ni jambo la kujisifia. Sogea karibu na moto, mwanangu, baridi hii ya Ufipa haina adabu, nikueleze kwa nini sijisifii.

Nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa hivi. Ulikuwa wakati wa Mwingereza, na sisi watu wa Msanzi tulifika mjini mara moja au mbili kwa mwaka, kuuza ulezi na kununua chumvi. Dada yangu alikuwa amefariki, akaacha binti mmoja, Leokadia. Mama yangu ndiye aliyemlea tangu hajaota meno. Mtoto alikuwa na bibi yake, alikuwa na mimi mjomba wake, na zaidi ya hapo hakujua mtu. Baba yake alikuwa Mbeya akifanya kibarua cha barabara. Hakuwa mtu mbaya. Alioa tena, akatulia, na Leokadia alipofika miaka sita akatuma neno kwamba sasa anamtaka binti yake, akae naye na asome. Mdogo wake huyo baba angekuja Sumbawanga kumpokea, wapande lori pamoja.

Hakuna aliyebisha. Mtoto alikuwa wa baba yake, na mama kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua. Jioni ya mwisho mama aliniita jikoni.

"Tangu juzi najaribu kumwambia, nashindwa," akasema. "Wewe ni mjomba wake, anakusikiliza. Mwambie leo kabla hajalala, ili kesho aniage vizuri."

"Nitamwambia, Mama."

Nikamwendea mtoto, nikachuchumaa mbele yake, na nilichomwambia ni hiki tu: "Leokadia, kesho mimi na wewe tunakwenda kuona mji." Akaruka, akapiga makofi, akazunguka nyumba nzima akiimba. Nikajiambia kwamba sehemu iliyobaki nitammalizia asubuhi.

Asubuhi alikwisha kunitangulia njiani kabla sijafunga mzigo. Mama akasimama mlangoni, akamwita. Leokadia akageuka palepale alipokuwa, akapunga mkono, akasema, "Baki salama, Bibi!" Kisha akaendelea kurukaruka.

Mama akanitazama. "Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Na hakulia?"

"Hakulia."

Mama akageuka. Akaingia ndani.

Hapo, mwanangu, nilikuwa nimekwisha kudanganya watu wawili, na jua lilikuwa bado halijapanda. Sikuliona hivyo. Niliona kwamba nimeokoa asubuhi ya watu wote.

Njia ya kwenda mjini ilikuwa ndefu kwa miguu ya mtoto, kwa hiyo mara nyingi nilimbeba mgongoni. Tulipita kwenye tanuru la udongo ambalo wazee wa zamani walilitumia kuyeyushia chuma, limesimama peke yake katikati ya majani. Nikapanga nitamwambia hapo tukipumzika. Akauliza nani alikuwa anakaa kwenye nyumba ile isiyo na dirisha, nikaanza kumweleza habari za wahunzi, na mapumziko yakaisha. Nikapanga nitamwambia kwenye mto. Kwenye mto maji yalikuwa baridi, tukacheka sana, na mtu hawezi kukatiza kicheko cha mtoto kwa habari kama ile. Jioni tukafika Izia kwa ndugu yetu mmoja, tukala, mtoto akalala huku anatafuna.

Kesho yake ndiyo siku yenyewe. Lori lilikuwa liondoke alasiri, nasi tuliingia mjini mapema.

Nilimpeleka Boma kwanza. Akaiona bendera, akawaona askari na kaptula zao za kaki, akawaona wafungwa wanafyeka majani. Akawaendea wafungwa wale akawaamkia shikamoo mmoja mmoja, nao mmoja mmoja wakamwitikia, askari akabaki anatazama tu. Nikampeleka misheni, akasimama mbele ya kanisa la matofali akihesabu madirisha mpaka vidole vikamwishia, akaomba na vya kwangu. Tukaingia duka lenye kioo kirefu kuliko mtu. Nyumbani hatukuwa na kioo; uso wake alikuwa ameuona kwenye maji ya mtungi tu. Akajitazama kwa muda mrefu, juu mpaka chini, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Mjomba, kumbe magoti yangu ni machafu hivi."

Kila nilipotaka kuanza, aliniuliza swali jingine. Nami nilishukuru kuulizwa. Nilikuwa nampenda, usidhani vinginevyo. Sikuogopa kazi wala safari. Niliogopa machozi ya mtoto wa miaka sita.

Mchana tulikaa kwenye baraza la duka la mwenye lori. Mama yake mwenye lori, Bi Mwanaidi, alikuwa akiuza chai na vitumbua pale. Alikuwa mwanamke wa Kiislamu, mtu mzima, mnene, mwenye kanga safi, na wasafiri wote aliwajua kwa kuwa wote walimpitia yeye. Akampa Leokadia kitumbua, akamuuliza anakwenda wapi.

"Nimekuja kutembea na mjomba," Leokadia akajibu. "Tukimaliza tunarudi kwa bibi, nikamweleze kanisa lina madirisha mangapi."

Bi Mwanaidi akaacha kumimina chai. Baba mdogo wa mtoto alikwisha kumwambia kwamba leo anasafiri na binti wa kaka yake. Akanitazama, kisha akamtuma mtoto akawaangalie kuku uani.

"Kijana, huyu mtoto hajui?"

"Nitamwambia, Bibi."

"Lini?"

"Akishashiba."

"Akishashiba," akarudia, kama mtu anayeonja kitu na hakumbuki aliwahi kukila. "Haya. Mimi si mama yake. Lakini jua limekwisha kugeuka."

Leokadia akarudi, akashiba, nami nikampeleka kuona fundi wa baiskeli.

Lori likaletwa mbele ya duka. Mizigo ikapangwa, abiria wakapanda juu ya magunia, na baba yake mdogo, kijana mpole ambaye mtoto hakuwahi kumwona, akakaa akanyoosha mikono. Sasa hapakuwa na nafasi ya kusema lolote. Nikafanya jambo ambalo, mwanangu, nimelitazama kwa miaka mingi na bado sijalipatia jina. Nikamwambia, "Leokadia, njoo nikupandishe uone huko juu kukoje."

Akanyoosha mikono yake mwenyewe. Nikamwinua, nikamweka juu ya gunia karibu na yule kijana, nikampa na kifurushi chake cha nguo. Akatazama huku na huku, akacheka, akasema mji wote unaonekana. Nikarudi nyuma. Injini ilikuwa imekwisha kuwaka.

Hakulia. Lori lilipoanza kwenda, kicheko kikamkaa usoni kwa muda kidogo, kisha kikaondoka. Akanitazama. Akakitazama kile kifurushi cha nguo, akanitazama tena. Nilipunga mkono. Yeye hakupunga.

Nikarudi barazani kuchukua fimbo yangu. Bi Mwanaidi alikuwa anakusanya vikombe. Nilitaka anyamaze, hakunyamaza, wala hakupandisha sauti.

"Ungemwambia asubuhi, angelia asubuhi," akasema. "Mchana ungekuwa bado unamfuta machozi wewe mwenyewe, umembeba, unamwonyesha hayo maduka. Angepanda lori amechoka kulia. Sasa atalia usiku, mbele ya mtu asiyemjua, na hawezi hata kuuliza kwa nini. Hukumpunguzia kilio, mwanangu. Umekiahirisha mpaka mahali ambapo wewe hupo."

Nikaichukua fimbo yangu.

"Na aliyemlea anajua umefanya hivi?"

"Hajui."

"Basi huyo kamwambie. Hapo bado hujachelewa."

Nilitembea siku nzima kurudi Msanzi nikiyarudia maneno hayo, na nilipofika nilikuwa nimekata shauri kabisa. Mama alikuwa shambani, anavuna ulezi, kisu mkononi. Akaniuliza kama mtoto amesafiri salama. Nikasema amesafiri salama. Akavuna masuke kadhaa, kisha akasema, bila kunitazama, "Sikudhani angeniacha kirahisi vile. Lakini ni afadhali. Mtoto asiyeumia kuondoka hatasumbuka aendako."

Ilikuwa zamu yangu kusema. Nikachukua kikapu nikamsaidia kubeba.

Kifua cha mama kilizidi, na masika ya tatu baada ya hapo akafariki. Alifariki akiamini kwamba mjukuu aliyemlea tangu hajaota meno alimwacha bila uchungu wowote. Neno langu moja lingeiondoa imani hiyo, nami niliishi naye nyumba moja miaka yote ile.

Leokadia alirudi Msanzi akiwa mwanamke mzima, na mtoto wake mgongoni. Alilelewa vizuri, alisoma, mama yake wa kambo alimtunza. Akaniamkia, tukaenda pamoja kwenye kaburi la bibi yake. Huko ndiko nilikomweleza yote, pamoja na nilivyomjibu mama pale mlangoni. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mjomba," akasema, "baba aliponinunulia gauni la kwanza, nilimuuliza: napelekwa wapi? Mama wa Mbeya akinipikia chakula kizuri, nilikwenda kuangalia kama nguo zangu bado zipo mahali pake. Hilo lilipita, niliwazoea. Lakini bibi nilimpungia mkono kama mtu anayekwenda kisimani. Ungeniambia, ningelia sana. Ningemshika nguo, mngenibandua kwa nguvu. Naye angejua."

Nikamwomba radhi. Akanipa, kwa kuwa ni mtu mwema. Mama yangu hakuwepo kunipa yake.

Basi sikia, mwanangu, maana kesho na wewe utakuwa na watoto wa kuongoza. Habari nzito ya mtoto mpe ingali mapema, mkiwa bado pamoja, ukiwa na muda wa kukaa naye mpaka atulie. Ukitaka kumfurahisha, mfurahishe, lakini furaha usiifanye kifuniko cha jambo unaloogopa kulisema. Mtoto husahau njaa, husahau na viboko. Siku aliyochekeshwa ili asiulize haisahau. Na kama umekwisha kukosea, yule aliye hai mwendee leo. Usingoje ashibe, usingoje amalize kuvuna.

Mungu akulinde uendako. Akupe watoto watakaokuamini, na akupe moyo wa kustahili kuaminiwa nao. Watu wako wakuage wakijua wanakuaga, nawe uwaage hivyohivyo. Amina.