Pango la Felisian Linatoka Jasho

Mdogo wangu Felisian hajawahi kukaa kwenye kiti mpaka kikapata joto. Tangu utoto pale Kasense alikula amesimama, jicho liko mlangoni. Alipomaliza darasa la saba akajifunza uashi. Amejenga mtaa wa Majengo, amejenga mpaka Kipili huko ziwani, na kila nyumba akiimaliza anaondoka kesho yake kama anafukuzwa. Yeye na mkewe Leonia walikuwa wamepanga chumba kimoja Majengo, jiko la mkaa mlangoni, kitanda hatua mbili kutoka hapo. Miaka kumi na miwili.

Kilichomhangaisha zaidi ni kifua cha binti yao Faith. Mtoto ana pumu. Baridi ya Juni ikitushukia huku Ufipa, kila mtu anaingiza moto ndani, na moshi ukimpata Faith usiku mzima hatulali. Nesi alimwambia Leonia wazi, "Mama, huyu asikae kwenye moshi, asikae kwenye baridi, asikae kwenye unyevu." Sasa mwambie Mfipa akae Juni bila moto!

Ndipo Felisian alipokumbuka pango. Liko mlimani, kwenye shamba alilotuachia baba. Tulikuwa tunakimbilia humo mvua tukichunga. Mdomo wake unatazama kaskazini, kwa hiyo jua la miezi ya baridi linaingia mpaka ndani, na Desemba linapita kwa nyuma. Humo joto halipandi wala halishuki. Wiki nzima aligonga dari ya mwamba kwa nyundo, sikio juu, asikie kama kuna jiwe lililoachia. Watu wa serikali ya mtaa walikuja, wakatazama, wakatikisa vichwa, wakamruhusu.

Mbele akajenga kuta mbili za tofali za kuchoma, katikati akashindilia pumba za mpunga kutoka bondeni. Madirisha makubwa ya kioo, paneli mbili za jua juu ya mwamba, jiko kwenye kibanda cha nje. Ndani vyumba vitatu, sakafu nyekundu inayong'aa. Jirani yetu Meshack hakupita bila neno.

"Fundi, habari za kaburini?"

"Tunasubiri ufufuo," Felisian akamjibu. "Njoo Pasaka utukute."

Juu kabisa, nyuma, kulikuwa na ufa wa upana wa ndoo, popo wakipitia. Felisian akauziba kwa mawe na saruji. Kazi hiyo aliipenda kuliko zote. "Dada, tazama," aliniambia, "hata sindano haipiti."

Mwishoni mwa Aprili wakatanguliza vitanda, magodoro na magunia mawili ya ulezi, moja la shangazi yetu Coleta. Felisian akawa analala humo kulinda. Baada ya wiki tatu Leonia akaja kupanga vyombo. Mimi nilikuwepo. Ukuta ulikuwa na matone kama paji la mtu anayelima mchana. Akapitisha kiganja, akakitazama.

"Baba Faith, hii ni nyumba au ni kisima?"

"Saruji mbichi hiyo. Itakauka."

"Nesi alisema kitu cha tatu ni nini?"

Felisian akaenda kufungua dirisha.

"Juni ikiingia humu hamjakauka, nampeleka Faith kwa kaka yangu bondeni, kwenye joto. Na mimi nitakaa naye huko huko."

Hakupandisha sauti, na ndiyo maana niliogopa.

Tangu hapo Felisian akawa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Anafungua madirisha, anafunga. Anapaka chokaa, anaifuta. Alikonda. Watu wakaanza kusema pango lina wenyewe, limemkataa. Nilisali rozari kila jioni, na sitaficha, kuna siku maneno yale yalinikaa moyoni hata katikati ya sala.

Kisha shangazi Coleta akaja kuchukua ulezi wake. Yeye ndiye mpika pombe wa kwetu tangu sisi wadogo.

"Shikamoo shangazi," Felisian akasema, uso chini.

"Marahaba. Gunia langu liko wapi?"

Akaingiza mkono mpaka kiwikoni. Ukatoka na ulezi wa moto, umeota vimizizi vyeupe. Mama yule alicheka mpaka akakaa sakafuni.

"Nani kanitengenezea kimea?"

"Shangazi, usinicheke. Nyumba imenishinda."

"Sikucheki, mwanangu. Mimi nikitaka kimea naloweka ulezi, naufunika kwa magunia usipate hewa, unatoa jasho, unaota. Wewe umefunika mlima mzima! Unalala humu unapumua, saruji yako inatoa maji, mwamba nao. Huo mvuke utokee wapi? Popo walikuwa wanapitia wapi?"

Felisian akainua macho kwenye ule ufa aliouziba. Akaenda kuchukua ngazi, nyundo na tindo.

Ilimchukua siku mbili, maana alikuwa ameuziba vizuri mno. Alikuwa akiilaani saruji yake mwenyewe, mpaka nikamkemea. Akapitisha bomba pana lenye wavu na kofia ya kuzuia mvua, kisha akatoboa tundu dogo chini karibu na mlango, hewa iingie huku itokee kule.

Tarehe thelathini Mei Leonia akaja na Faith. Akamwambia mumewe abaki nje. Akapapasa kuta zote, akapiga magoti akapapasa sakafu chini ya vitanda, akaweka shavu kwenye mwamba. Alipotoka, Felisian alikuwa anakunja na kukunjua kofia yake.

"Faith alale humu wiki moja. Kifua chake kikilia hata mara moja, tunashuka bondeni."

"Na kisipolia?"

"Basi utashusha rafu za jikoni. Umezipanga kama napika kwa ngazi."

Leo ni siku ya nne. Mtoto amelala mchana huu, jua liko miguuni pake, nami sijasikia kitu. Felisian anazunguka nje, kila mara anasimama chini ya dirisha, ameinamisha kichwa. Nikamwambia, mwachie Mungu, mdogo wangu.

"Nimemwachia, dada," akanong'ona. "Hebu nyamaza kidogo nisikilize."