Tiketi Zilizopigwa Pasi

Uvumi ulimkuta dobi ameinamia meza ya pasi, na tangu hapo haukumtoka kichwani: bustani ya michezo inabadilisha mageti, tiketi za zamani hazitapokelewa tena.

Aliyeuleta ni jirani yake, ambaye mtaa mzima unamwita Redio.

"Shoga, zile tiketi za marehemu sasa fungia karanga."

"Nani kakwambia?"

"Mimi siambiwi. Nasikia."

Leo dobi huyo, mama wa mtoto mmoja, ananyoosha mashuka ya nyumba ya wageni katika chumba chake cha uani. Ananyunyiza maji kwa vidole, anapitisha pasi, anakunja. Anasimulia bila kuinua macho.

Tiketi zilikuwa tatu: yake, ya mumewe na ya binti yao. Kila moja ilikuwa ya siku mbili zozote. Siku ya kwanza waliitumia pamoja, ila kwenye gurudumu kubwa linalozungusha watu angani binti alisimamishwa kando ya kijiti cha kupimia kimo, mlinzi akatikisa kichwa. Mtoto alilia njia nzima.

"Baba yake akamwambia, 'Nyamaza, Nukta. Siku ya pili tunaiweka. Ukikifikia kile kijiti tunarudi, na mimi nakaa upande wa upepo,'" anakumbuka.

Mumewe alikuwa fundi wa paa. Alianguka kazini, akafariki kabla binti hajafikia kimo. Tiketi zikabaki katika mfuko wa suruali yake, suruali pekee ambayo dobi huyu hakupata moyo wa kuifua.

Kila Nukta alipovaa sare mpya, mama alimsimamisha kwenye fremu ya mlango na kumpima. Mwaka huu akafika. Na Redio naye akaja na lake.

"Lisemwalo lipo. Nikaona tusipokwenda kesho, imekula kwetu," anasema. "Lakini zilikuwa zimekunjamana, utadhani zimetafunwa na ng'ombe. Nikasema siendi kuaibisha mtoto getini."

Akazipanga zote tatu pamoja ili zinyooke sawa. Akaweka kitambaa juu, kama anavyofanya kwa hariri, akapitisha pasi ya vuguvugu. Alipoinua kitambaa, karatasi zilikuwa nyeusi tii.

Walikwenda hivyo hivyo. Mkata tiketi alizigeuzageuza, akazielekeza kwenye mwanga.

"Mama, hapa sisomi kitu. Hizi huchapwa kwa joto, hazina wino. Ukizipasha tena zinaungua."

"Ni za zamani, baba. Najua mmeacha kuzipokea, ila mtoto huyu..."

"Nani kasema tumeacha? Tunazipokea. Jana kaingia mtu na ya zamani kuliko hizi. Mradi isomeke."

Dobi anaweka pasi kando.

"Bora angesema muda umekwisha," anasema.

Nukta hakulia. Alikwenda kushika uzio, akalitazama gurudumu likipanda na kushuka.

"Akaniuliza, 'Mama, upande wa upepo ni upi?' Nikamwonyesha kwa kubahatisha."

Anapanga kumrudisha bustanini shule zikifungwa, kwa tiketi mpya mbili.

"Atapanda, Mungu akipenda. Lakini siku aliyowekewa na baba yake imeungulia mkononi mwangu."

Siku hizi mteja haondoki na nguo zake kabla hajapewa onyo:

Usipige pasi tiketi wala risiti, hata kwa kitambaa juu.

Usiziache juani, wala karibu na jiko.

Usihangaike na mikunjo. Getini hawaitazami.

Usishike la jirani kabla hujakwenda kuuliza mwenyewe.

Usiweke siku ya mtoto kiporo.

Na kama zimeshaungua, usizitupe mtoto akiona.