Pacha wa Mabira na Valvu za Chuma

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya Karagwe, Mganga Mfawidhi alinivisha stetoskopu shingoni akasema, "Binti, mlaze mgonjwa ubavu wa kushoto, kisha nyamaza. Moyo hausemi na mtu mwenye haraka."

Baadaye nilihamishiwa kituo kimoja huko Kyerwa. Ndiko nilikowajua pacha wa kijiji cha Mabira, Nyangoma na kaka yake Kato, wakulima wa migomba. Utotoni wote waliugua homa ya koo na viungo, ile inayoacha makovu kwenye valvu, yaani vilango vya moyo. Kato aliposhindwa kubeba mkungu, tabibu aliyenitangulia alimpa rufaa mara moja. "Mwanamume haachi mzigo njiani bure," alisema. Huko Mwanza akawekewa valvu ya chuma. Nyangoma alipolalamikia pumzi, tabibu yuleyule alimwambia ni wasiwasi wa wanawake, akampa vidonge vya kuongeza damu. Nyumbani akawa analala ameketi, akikohoa povu jekundu. Majirani walisema kuna kitu kinamkalia kifuani.

Alinijia akiwa mjamzito.

"Shikamoo dokta. Nachoka tu."

Nilimlaza ubavu. Nikasikia mngurumo mzito, kama radi iliyo ng'ambo ya mto Kagera. Valvu ilikuwa imebana vibaya. Nikampa rufaa. Mtoto alizaliwa salama, kisha mama naye akawekewa valvu ya chuma.

Hapo hofu ikaingia kijijini. Kanisani, watu walipoinamisha vichwa kuomba, kifua cha Nyangoma kilisikika, valvu ikigonga kila ilipojifunga: ti, ti, ti. Cha Kato kikaitikia. Milio ikafukuzana, ikakutana, ikaachana. Waliokaa karibu nao wakahama. Mzee wa kanisa akaninong'oneza, "Hao bado ni watu?"

"Ni watu, mzee. Ni vile tu wanasikika."

Lakini moyo wa Nyangoma ulikuwa umetanuka mno kabla ya kutibiwa. Alifariki mchana mmoja wa masika, mwanawe akicheza kando yake. Baada ya maziko Kato alinifuata, akafungua shati.

"Dokta, nasikia mioyo miwili. Hebu sikiliza."

Nilisikiliza sana. "Ni mmoja, mwanangu."

"Basi ule mwingine unatoka wapi?"

Nilimfunga vifungo vya shati.

Sasa nimestaafu, naishi Ndama, kulekule Karagwe. Ninyi mnaoanza kazi hii, mwanamke akisema anachoka tu, msimpe jina la ugonjwa kabla ya kumsikiliza kifua. Kato yu hai, na dawa zake anazimeza. Huja kunisalimu akipita pembeni kabisa mwa njia, kama anayetembea na mtu. Nikikutana nao, huwapisha wote wawili.