Ufagio Pembeni mwa Maua

Wewe unayenisikiliza, kama una ufagio mkononi uegemeze ukutani kwanza. Utauhitaji baadaye, na nitakuambia lini. Sasa kaa nikueleze habari ya kiwanja kimoja cha pembetatu hapa Nchelenge, mji wa Zambia ulio kando ya ziwa, kati ya barabara, uzio wa kliniki na mahali wanawake wanapoanika samaki. Nilikaribia kukipoteza, na sababu ni kwamba nilikuwa najua mambo mengi mno.

Zamani nilikuwa mwalimu wa elimu ya viumbe ng'ambo ya ziwa, upande wa Congo. Nilivuka kwa mtumbwi pamoja na wengine, nikapita kambi ya wakimbizi ya Kenani kama sisi wote, na baada ya muda nikatua hapa mjini. Ninauza miche ya nyanya, kabichi na vitunguu kando ya soko. Mwalimu akikosa darasa hutafuta watu wa kuwaeleza. Anayenunua mche kwangu huondoka na mche na somo. Wengine wameanza kuniomba, kwa adabu kabisa, niwape mche peke yake.

Kile kiwanja ni cha mji. Msimu wa mvua, mfanyakazi wa halmashauri huja na fyekeo lake na kukilaza chini chote. Mwaka mmoja alichelewa, sijui kwa nini, na nyasi zikapata nafasi ya kuonyesha kilichokuwa ndani yake. Kwanza yalitoka maua madogo ya bluu yanayofunguka asubuhi na kujikunja jua likiwa kali. Kisha ya njano ya kishona nguo, yale ambayo mbegu zake hukufuata nyumbani zikiwa zimeshika suruali. Mwishoni yakaja ya rangi ya waridi, marefu mpaka kiunoni, yanayoinama yote pamoja upepo wa ziwa ukipita. Nyuki wakaja. Mimi nikawa nasimama pale kila siku kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda.

Nilikwenda kumwona afisa wa usafi, mama mpole wa maneno machache, nikamwomba wasifyeke mpaka mbegu zianguke zenyewe. Nilimweleza habari za nyuki na maboga. Nilimweleza jinsi mizizi inavyoshika udongo mvua isiupeleke ziwani. Nilipofika kwenye habari za vipepeo alisimama, na nadhani alikubali ili aweze kwenda kula. Lakini aliweka sharti. Mvua zikikaribia kwisha, Ijumaa moja atakayonitajia, atakuja kuwauliza watu wenyewe. Wakisema ni uchafu, kiwanja kitafyekwa, kitamwagiwa kokoto, na malori yanayosubiri samaki yatapata mahali pa kulala.

Basi nikaanza kusikiliza watu wanasema nini.

Walisema ni uchafu. Waliokuwa wanakwenda kliniki walisema, waliokuwa wanarudi walisema, hata mgonjwa mmoja aliyekuwa amebebwa alinyanyua kichwa akasema. Nilisimama pembeni nikiwaeleza. Nikaandika hata kibao cha boksi: TAFADHALI MSIFYEKE, MAUA YANATENGENEZA MBEGU. Siku ya pili mtu alikuwa amekitumia kuanikia samaki.

Aliyenisumbua kuliko wote alikuwa mwanamke mmoja anayeanika chisense, wale dagaa wadogo wa ziwa letu, hatua chache tu kutoka kwenye maua. Yeye amezaliwa pwani hii ya Zambia, na Kiswahili chake ni kile alichokiokota kwa wafanyabiashara wa kwetu, kitamu na chenye haraka. Tulipojuana aliuliza ukoo wa mama yangu. Nikamwambia ni ukoo wa nyoka. Akapiga makofi kwa furaha. Yeye ni wa ukoo wa mbuzi, na koo hizi mbili, pande zote za ziwa, ni watani. Tangu siku hiyo mimi ni mufyala wake, binamu wa kutaniwa, na yeye ni mufyala wangu, na hakuna polisi anayeweza kuniokoa.

"Mufyala," aliniambia maua yalipofika kiunoni, "sasa nimeelewa. Unajengea ndugu zako nyumba."

"Ndugu gani?"

"Banyoka! Uliona batoto ya mama yako banakosa pa kulala, ukaenda kuomba kiwanja kwa serikali."

Nilimweleza kwamba nyoka hupenda zaidi marundo ya matofali na takataka za soko, mahali penye panya. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana ni mwungwana.

"Sawa. Basi nitaleta ndugu zangu mimi. Mbuzi kumi tu. Bakule nyumba yote mara moja. Na ule mama wa serikali akija, mimi njo nitasema wa kwanza."

Utani haukuniumiza. Kilichoniumiza nilikisikia kwenye bomba la maji, kutoka kwa watu wawili wasiojua kwamba nilikuwa nyuma yao. Mmoja aliuliza kile kichaka ni cha nani. Mwingine akajibu, "Ni cha ule mwalimu wa ng'ambo. Labda kwabo banaacha majani mpaka mulangoni."

Elewa uzito wa neno hilo. Mgeni hana mashamba ya babu wala kaburi la bibi la kuonyesha. Anachokuwa nacho ni jina la kuwa mtu anayeamka mapema. Ukiona uwanja wa nyumba pwani hii, udongo mtupu, umefagiliwa mpaka unang'aa, hapo ndipo penye jina la mwenye nyumba. Nilikuwa nimejiweka mahali pabaya: kiwanja kikibaki, mimi ni mvivu, na kikiondoka, mimi ni mvivu aliyeshindwa. Na maua nilikuwa nimeyapenda kweli.

Wiki ile ambayo afisa alisema angekuja, malaria ilinikamata. Siku tatu sikuonekana sokoni wala kiwanjani. Siku ya nne, Alhamisi, nilijikokota na kofia yangu kwenda kutazama maua, na nilipofika kona ya kliniki nikasimama.

Wanawake wanane walikuwa kiwanjani na majembe na mafagio. Walikuwa wameanza ukingoni na kuzunguka pembetatu nzima. Ukanda wote wa nje, upana wa mafagio mawili, ulikuwa udongo mtupu, na alama za ufagio zimelala juu yake kama nywele zilizochanwa. Katikati maua ya waridi yalikuwa bado yamesimama, yakisubiri zamu yao. Mufyala wangu alikuwa mbele, kitenge kimefungwa kiunoni.

"Mwalimu! Ulipona? Sisi tulisema nyoka amekufa, tukakuja kugawanya ngozi."

"Mufyala," nikasema, "munafanya nini?"

Akasimamisha jembe lake. Sauti yake ikashuka, na hilo sikulizoea.

"Tunakutosha mu kilio." Yaani walikuja kunitoa kwenye msiba.

"Kilio cha nani?"

"Hatujui. Ni wewe unajua." Aliwatazama wenzake, kisha akanitazama mimi. "Batu banasema mwalimu ni muvivu. Mimi nikakataa. Nikasema huyu mutu si muvivu, anafundisha hata kabichi. Huyu alivuka na kilio ndani ya mutumbwi, hakuambia mutu, njo maana anaacha majani inakuwa marefu. Na sasa amelala ndani siku tatu. Mutani yake ni nani hapa? Ni mimi. Basi nani mwingine atamufagilia?"

Nikueleze, kama hukukulia kwetu. Msiba ukiingia nyumbani, uwanja haufagiliwi. Majani yanaachwa yaanguke na kulala. Siku ya kuondoa msiba watani ndio wanaokuja na mafagio, wanakutukana kidogo, wanafagia, na nyumba inarudi kuwa nyumba. Huwezi kuwakataza. Kumnyang'anya mtani ufagio ni kama kumfungia mlango mtu aliyekuletea maji.

Kwa hiyo nilisimama pale na maelezo yangu yote ya nyuki na mizizi, na hayakuwa na kazi. Wanawake hawa walikuwa wamekitazama kichaka changu na kuona jambo ambalo mimi mwenyewe sikuliona. Nilitaka kusema sina msiba wowote. Nikawakumbuka wawili watatu waliofia ng'ambo, ambao sikuwahi kuwalilia vizuri kwa sababu ya haraka ya kukimbia. Nikasema asante tu.

Wakati huo sauti ikatoka ufukweni kwamba mitumbwi imefika, imejaa. Majembe yalipanda mabegani yote kwa pamoja.

"Kesho asubuhi tunamaliza ile ya katikati," mufyala alisema akikimbia. "Mbele ya ule mama wa serikali kufika. Hutapata haya, mwalimu!"

Alikuwa ananitia moyo.

Nilirudi nyumbani nikihesabu njia zangu. Nikiwakataza, ninawatukana watu wa kwanza wa mji huu waliochukua jembe kwa ajili yangu. Nikiwaacha, afisa atakuta udongo mtupu, na malori yatafuata. Nilipanga hotuba tatu. Zote zilikuwa nzuri, na zote zilikuwa zile zile ambazo watu walizikwepa tangu maua ya kwanza.

Kilichonisaidia ni mgongo wa mama yangu. Mama alifagia akirudi nyuma, kutoka mlangoni kuelekea barabarani, ili asikanyage alama alizoacha. Jua likitoka, uwanja wetu ulikuwa umeandikwa wote, na mgeni wa kwanza aliacha nyayo zake kama sahihi. Na baba mdogo alipofariki, nakumbuka watani walifagia siku moja tu, nusu ya uwanja, wakaenda kunywa maji. Waliporudi walimkuta mama mwenyewe ameshika ufagio. Wakaweka mafagio yao chini, wakacheka, wakaenda zao. Mwenye msiba akishika ufagio mwenyewe, msiba umekwisha. Watani hawana kazi tena.

Nilikuwa nalijua hilo tangu utoto. Nilikuwa nimeeleza kila kitu kuhusu kiwanja kile isipokuwa kitu pekee nilichofundishwa na mtu asiyekuwa mwalimu.

Ijumaa, jua halijapanda, nilikuwa pale na ufagio wa matawi. Nilianza kona ya kliniki na kufagia ule ukanda wa ukingoni nikirudi nyuma, taratibu, maana homa ilikuwa bado imekaa magotini. Waliokuwa wanakwenda sokoni walinisalimu. Nikagundua baadaye kwamba kabla ya hapo walikuwa wananipita tu.

Wanawake walikuja na majembe, wakaniona, wakasimama. Mufyala wangu alitazama ufagio, akatazama alama zangu, akashusha jembe polepole.

"Eh! Ameshika ufagio," aliwaambia wenzake. "Alor, imekwisha." Kisha uso wake ukarudi kuwa ule ninaoujua. "Lakini unafagia kama mutu anakimbizwa na nyuki. Angalia hii kona! Na hii ya katikati je?"

Alinyoosha jembe kuelekea maua. Hapo ndipo ningeweza kueleza. Badala yake nikasema, "Katikati ni nyumba ya ndugu zangu, ulisema mwenyewe. Wewe ni mbuzi. Ukitaka kuingia kwa nyoka, piga hodi."

Wakaangua kicheko. Mufyala akasogea mpaka ukingoni, akaweka mikono mdomoni na kuita, "Hodi, shemeji!" Alisubiri na sikio limetegwa. Maua yakainama kwa upepo.

"Hawapo," alitangaza. "Beko sokoni, banauza miche."

Afisa alifika watu wakiwa bado wanacheka. Alizunguka kiwanja akitembea juu ya udongo uliofagiliwa, na nyayo zake zikabaki nyuma yake, nadhifu. Kisha akauliza kwa Kibemba, akiwatazama waliokuwepo, kama mahali hapa ni uchafu au la. Nilishika ufagio kwa mikono miwili.  Mufyala wangu alikuwa ameahidi tangu maua yalipofika kiunoni kuwa wa kwanza kusema, na hakuvunja ahadi.

Alimjibu kwa Kibemba, kisha akanigeukia na kurudia kwa Kiswahili nisije nikakosa hata neno. "Nimemuambia: mbele ilikuwa uchafu. Sasa iko na mwenyewe. Hajui kufagia, lakini anaamuka."

Wengine waliitikia. Mtu mmoja aliyekuwa akilaani kichaka kila anapopita alisema maua ni mazuri, na kwamba tumefanya vizuri kuyapanda. Hatukupanda hata moja. Yalikuwa yale yale ya wiki iliyotangulia, wakati bado alikuwa anayaita kichaka. Afisa aliandika kitu kwenye daftari lake, akasema malori yatafutiwe mahali pengine, na kiwanja kisifyekwe mpaka mbegu zianguke. Nilifungua mdomo kumweleza ni nyuki wa aina gani watakaokuja mwakani.

"Mwalimu," mufyala alinong'ona, "nyamaza. Umeshinda."

Nikanyamaza. Yule aliyedhani tumepanda nilimuuzia mche wa nyanya, bila somo.

Sasa chukua ule ufagio wako. Kama kuna mahali unapotaka kuacha maua ya porini yaote, mbele ya nyumba, ya kanisa au ya soko, usianze na maelezo. Fagia kwanza ukingo wake wote, upana wa mafagio mawili, ukirudi nyuma ili alama zibaki, na ufanye hivyo kila asubuhi kabla watu hawajaanza kupita.