Punda ya Bwana Steji

Wacha nianze na aibu, iishe. Msichana wangu wa gredi ya tano alisimama mbele ya darasa imejaa wazazi, akasoma uongo wangu kwa sauti safi, halafu akanionyesha na kidole: "Baba yangu ndiye alinifundisha."

Siku hizi kazi ya shule ni ya mzazi, mtoto anabeba tu. Mwalimu alitaka neno moja ya Kiingereza, maana zake, na vile ilianza. Nikamwambia, andika steji. Mimi ni mtu wa boda hapa Kitengela, nashinda steji kutoka asubuhi. Nani ataniambia nini?

Maana hazikutusumbua. Pale watu wanangojea gari za Kajiado. Pale kwaya inaimbia kwa krusedi ya injili. Daktari naye anasema ugonjwa iko steji ya pili. Tukafika kwa vile ilianza. Shule mimi niliachia form two, na mtoto alikuwa ananiangalia, kalamu tayari. Niseme sijui? Nikamwambia kulikuwa na mzungu, Bwana Steji, punda yake ikagoma hapa hapa Kitengela, akaingojea wiki mbili, watu wakazoea kusema "tupatane kwa Steji". Akaandika yote. Akachora hata punda. Kesho yake nikahadithia watu wa boda, wakaipenda sana.

Sasa darasani, wazazi walicheka mpaka mama mmoja akashikilia dawati. Mwalimu akaeleza polepole kwamba neno ilitoka kwa Wafaransa, na mwanzo kabisa ilikuwa mambo ya kusimama. Msichana wangu akainamisha kichwa, akaangalia viatu. Nikaona mtoto anabebeshwa jina ya mwongo, na mwongo amekaa hapo nyuma na helmeti kwa magoti.

Nikasimama. "Mwalimu, usimkate maksi. Huyo mzungu nilimzaa mimi, pamoja na punda. Sikuwa najua, na niliogopa kumwambia sijui."

"Sawa, baba. Maksi zake zitabaki. Wewe utarudia kazi, uandike na mkono yako."

Wa kwanza kucheka alikuwa msichana wangu.

Hapo nje nilipata rafiki yangu wa boda, Mmaasai wa Mashuuru. Mtoto wake ako darasa hiyo hiyo. Yeye hakuwa anacheka.

"Ero, ndugu yangu, umenimaliza," akasema. "Jumapili nilienda nyumbani nikahadithia wazee hiyo mambo ya punda. Mmoja akasema hata anaikumbuka."