Mpiga Pasi Asiyejua Kuanzia Katikati

Kumekucha sasa hivi, lakini chumba cha kufulia nyuma ya hoteli tayari kinatokota kwa mvuke. Mwanamke ambaye wenzake humtania kwa kumwita Sinyora anasukuma pasi mbele: "Parlo," yaani "naongea" kwa Kiitaliano. Anairudisha: "Parli," "unaongea." Akifika "parlano," "wanaongea," foronya imenyooka na yeye amenuna.

"Hawa Waitaliano huongea saa ngapi?" anauliza. "Kabla hujafungua mdomo uamue ni nani, ni lini, na kama una uhakika. Ukija kuomba chumvi, chakula kishapoa."

Hasomi vitenzi vya Kiitaliano kwa starehe. Mume wake ni mpishi katika nyumba ya kutunzia wazee ughaibuni, mwaka wa nne sasa. Wenye nyumba hiyo wamekubali kumwajiri mkewe afue nguo, mradi afaulu mtihani wa kuzungumza. Ameanguka mara mbili. Mwezi ujao akianguka tena, kazi anapewa mwingine.

Kosa lilianzia hapa hapa mezani. Alivikariri vitenzi kwa mwendo wa pasi, kutoka "mimi" hadi "wao," foronya baada ya foronya. Mtahini alipomuuliza mumewe anafanya kazi wapi, hakuweza kumfikia "yeye" bila kupitia "mimi" na "wewe."

"Mkono ukaanza kwenda wenyewe juu ya meza ya watu," anasema. "Namfikia mume wangu, mtahini yuko swali la tatu. Nilitaka kulia, nikaona hata kulia sijui kunaanzia wapi."

Msimamizi wake, mama wa makamo asiyejua hata neno moja la lugha hiyo, amemwondoa kwenye foronya na kumpa mashati. Shati lina kola, mikono na vifungo, halina mwendo mmoja. Akiwa katikati ya kola, msimamizi anamrushia: "Wao!" Sinyora anababaika, anajibu, nusu ya majibu si yenyewe.

"Kola mbili zimeungua," msimamizi analalamika. "Afaulu aende zake, masikio yangu yapumzike."

Anachekwa, naye hucheka. Ila ukimtajia simu ya video ambayo mumewe hupiga kila Jumapili, anaiweka pasi chini.

Binti yao wa miaka tisa ameidaka lugha kwa kuongea na baba yake tu, bila daftari wala mwalimu. Siku hizi wawili hao wanapiga soga kwa Kiitaliano, wanamtazama mama, wanaangua kicheko.

"Nikiuliza, naambiwa, 'Hakuna kitu, mama.' Nyumba nahudumia mimi, kodi nalipa mimi, halafu mgeni ni mimi. Inaniuma. Nisiseme uongo, inaniuma sana."

Je, akifaulu, atafanya nini kwanza?

"Sitamwambia mtu," anasema. "Nitangoja Jumapili wanisengenye. Nitawaacha wamalize. Halafu nitawajibu."