Mkono Ulioliacha Puto

Siku yangu ya kwanza kazini, pale hospitali ya Kindu, Muuguzi Mkuu hakunionyesha mgonjwa hata mmoja. Alinikabidhi puto. Msifikirie puto la sherehe: huo ni mfuko wa mpira mgumu, ukubwa wa papai, unaounganishwa na kinyago cha usoni au na mpira unaopita kooni. Ukiubana kwa mkono, hewa inaingia kifuani mwa mtu asiyeweza kupumua mwenyewe. Wodini tuliuita ballon. Nilikuwa nimetoka shule ya uuguzi na cheti changu ndani ya bahasha, najiona mtu wa maana, na yeye akanikalisha kwenye kiti na kuniamuru nibane hewa tupu.

"Mademoiselle, unabana kama mutu anakamua nguo," aliniambia. "Sikia pumzi yako mwenyewe. Ukivuta, bana. Ukiachia, achia. Hivyo hautakosea hata ukichoka."

Nilibana asubuhi nzima, wenzangu wakinicheka dirishani. Muuguzi Mkuu alikuwa mrefu, mkavu, koti lake limepigwa pasi hadi linakaribia kusimama lenyewe, na shuka za wodi alizijua moja moja kama mfugaji anavyojua mbuzi wake. Mchana alinipa sheria ya pili, na hiyo ndiyo iliyonisumbua maisha yangu yote.

"Kuna siku docteur atasema inatosha. Siku ile, mukono ya kuacha ni ya infirmier, ni ya sisi. Hapana ya bibi wa mugonjwa, hapana ya mama yake. Sisi tutaenda nyumbani, tutalala. Wao hawatalala."

Baadaye nilipelekwa Kibombo, kwenye kituo cha afya. Mkuu wangu huko, Msimamizi wa Kituo, alipenda wali kuliko ripoti, kwa hiyo ripoti niliandika mimi na wali akala yeye. Nilizalisha akina mama, nilitundika chupa za maji ya mshipa, nikajifunza kutulia damu inapomwagika. Waliponirudisha Kindu, vita ilikuwa imeshatufikia. Wauguzi kadhaa walikuwa wamekimbia. Mimi nilibaki, na tafadhali msiniite shujaa. Mume wangu alikataa kuondoka, basi.

Treni ilikuwa haiji tena. Dawa zilifika kwa bahati, na mafuta ya jenereta tuliyapima kwa kikombe. Mashine ya kumpumulia mgonjwa hatukuwa nayo. Tulikuwa na puto moja kwa hospitali nzima, na mikono michache. Kwetu kila mgonjwa ana ndugu anayelala naye wodini, anampikia, anamfulia, anamgeuza. Tunamwita garde-malade. Mikono yetu ilipopungua, tuliwafundisha hao ndugu kubana puto kwa zamu. Niliwafundisha mimi mwenyewe, kwa maneno yale yale ya Muuguzi Mkuu: ukivuta, bana, ukiachia, achia.

Ndivyo nilivyomfundisha Mwamini. Mume wake, Ramazani, alikuwa mfanyakazi wa reli. Ingawa treni zilikuwa zimesimama, wao waliendelea kusukuma mabehewa pale stesheni yasigande kwa kutu. Aliteleza juu ya behewa, kisogo kikapiga chuma cha reli. Wenzake walimleta juu ya mlango waliong'oa, na Daktari Mkuu akampitishia mpira kooni. Kwa siku nne tulimpumulia kwa mkono, Mwamini, mdogo wake Ramazani na mimi. Mwamini alikuwa akibana huku anamsimulia habari za nyumbani: paa limevuja wapi, kuku gani ametaga, jirani gani amegombana na nani. Nilimpenda yule mwanamke. Nilitamani zamu yangu iungane na yake nisikilize.

Daktari Mkuu alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya chini. Siku ya tatu alimpima Ramazani. Alimulika macho, mboni zilikuwa zimepanuka na hazikujikunja. Aligusa jicho kwa ncha ya pamba, halikupepesa. Mwisho tuliacha kubana, hewa safi ikipitishwa kwenye mpira mwembamba, tukatazama kama kifua kitainuka chenyewe. Hakikuinuka. Siku ya nne alirudia vyote, kwa sababu kipimo hicho hakifanywi mara moja, na safari hiyo alimwita Mwamini aone kwa macho yake.

"Mama, sitakuficha," alimwambia. "Bongo yake imekufa."

"Docteur, moyo inapiga. Weka mukono, utasikia."

"Inapiga sababu sisi njo tunamupa pumzi. Yeye mwenyewe alishakwenda siku ile alianguka."

Mwamini aliendelea kubana. "Ni juu ya ballon? Wanaitaka kule maternité, kwa watoto wanazaliwa?"

"Hata ningekuwa na ballon kumi, ningekuambia maneno ile ile."

Mjomba wake Ramazani, mzee wa msikiti, alikuja akaketi. Alimwuliza daktari mara mbili kama iko njia yoyote ya kurudi. Daktari akajibu mara mbili kwamba hakuna. Mzee akasema basi familia imepokea, iwe baada ya sala ya adhuhuri. Wakasali, wakaingia mmoja mmoja kumuaga, wakatoka. Chumbani tukabaki watatu: Ramazani, Mwamini mwenye puto mkononi, na mimi niliyepaswa kulichukua.

Niliangalia vidole vyake. Vilikuwa vinakwenda na pumzi yake, kama nilivyomfundisha. Nikasema, "Ngoja, naleta shuka safi," nikatoka mbio. Shuka la pale kitandani lilikuwa safi. Nililitandika mwenyewe asubuhi.

Nilisimama mbele ya kabati la shuka, paji la uso limegusa mbao, nikilia kama mtoto aliyefungiwa nje. Niliporudi na shuka jingine, puto lilikuwa mapajani mwa Mwamini, na kiganja chake juu ya kichwa cha mumewe. Niliweka vidole shingoni mwa Ramazani, moyo ulikuwa unapiga kwa nadra, hadi ukasimama. Katika daftari la wodi niliandika kwamba mkono ulioacha ulikuwa wangu.

Sokoni nguo nyeupe haikuwapo. Mjomba aliniona na shuka kwapani akaliomba liwe sanda. Nikampa. Muuguzi Mkuu, ambaye aliweza kukuuliza juma zima habari za foronya iliyochanika, aliliona likitoka langoni limemfunika Ramazani. Aligeuza uso akatazama mtoni. Hakuniuliza habari zake hata siku moja.

Vita ikaisha. Akaja Daktari Mkuu mwingine, mwanamke kijana mwenye haraka, akaniweka niongoze chumba cha wagonjwa mahututi. Mashine ya kupumulia ikafika, ina kitufe na kelele zake. Kila mara familia ilipokubali tuache, nilibonyeza mimi, na kabla ya hapo niliwatoa ndugu wote nje, wakitaka wasitake. Mama mmoja wa Kailo alishika chuma cha kitanda cha binti yake, akakataa kutoka. Nilimbandua vidole kimoja kimoja. Niliamini namwokoa na usiku wa Mwamini.

Mwamini mwenyewe nilimkimbia. Anaishi ng'ambo ya mto, Alunguli, na anauza vitumbua. Kila nilipomwona sokoni upande huu, niliingia safu nyingine, hata kama nilitaka kununua kitu hapo hapo. Nilipostaafu, juma la kwanza tu, akabisha mlangoni kwangu na bakuli limefunikwa.

"Mama Odette, unanikimbia miaka yote. Nilikufanya nini?"

Sikuwa na kabati la kukimbilia. Nilimwambia yote, shuka lililokuwa safi, daftari, uwongo wangu. "Mukono ilikuwa yangu, Mama Mwamini. Nilikuachia wewe. Nisamehe."

Alinitazama kama mtu anayeambiwa habari za jirani asiyemjua.

"Mimi nilikuwa naogopa utarudi mbio," alisema. "Shuka niliiona, ilikuwa safi. Nikasema, asante Mungu, anatuacha. Nilimupa pumzi tatu pamoja na yangu, kama ulinifundisha. Ya tatu nikamuambia, hii njo ya mwisho, baba Zaina. Nikaachia. Ungeniondosha pale, ningekuchukia mupaka leo."

"Na ulilala?"

"Siku ile? Nililala kabisa. Zile siku ine za ballon sikukuwa nimelala." Akafunua bakuli. "Na wewe ulienda kumuletea sanda. Kama haungekimbia, tungemuzika na nini? Kila mutu alifanya kazi yake. Kula, vinapoa."

Nililia, na vitumbua nikala, kwa maana alikuwa ananisimamia.

Vijana wa shule ya uuguzi wakija kunisalimia, ninawapa puto la zamani wabane hewa tupu, na ninawacheka kama nilivyochekwa. Nawaambia Muuguzi Mkuu hakukosea: wako wasioweza kubeba jambo lile, na hao msiwatwishe kamwe. Lakini ulizeni. Semeni, "Mama, unataka mkono uwe wa nani?" kisha nyamazeni msubiri, hata mkitamani kukimbia. Mimi katika kazi yangu yote sikumwuliza mtu. Mara ya kwanza nilikimbia, na mara zote zilizofuata niliwafukuza wao.

Yule mama wa Kailo bado ananijia, na vidole vyake. Nilimweleza Mwamini. Hakunifariji. Alisema Kailo si mbali, tutakwenda wawili, na vitumbua ataleta yeye.